Sahani za Alama Nyekundu

Koboko
7 Agosti 1974

Mume wangu Sulemani,

Nimeyaandika maneno hayo hapo juu, kisha nimekaa nikiyatazama mpaka wino ukakauka. Dadako Keji amepita nyuma yangu akasema, "Wifi, leo unaandika barua au unachora?" Namwacha aseme. Hajaolewa, hajui kwamba jina la mtu linaweza kuwa tamu hata mkononi.

Hujambo huko Arua? Umekula nini, umelala wapi, nani amekufulia lile shati la harusi? Mimi ni mzima, na nina furaha ambayo naona haya kuionyesha mbele ya watu wa kwenu. Kazi ilikuita mapema mno, lakini nikifumba macho bado nakuona unavyocheka huku umefunika mdomo. Ajabu ni kwamba wewe wa Koboko uko mjini kwetu Arua, na mimi wa Arua niko uani kwenu Koboko. Keji anasema tumebadilishana kama mateka wa vita.

Sasa nikupe habari usiyoijua. Jumapili jioni, siku ya harusi yetu, ninyi wanaume mkiwa barazani, sisi wanawake tulikuwa tunapakua. Vyombo vilivyoazimwa hapa Koboko vilikuwa upande wa jikoni, na vile alivyokuja navyo shangazi yangu Hawah kutoka Arua, vyake na vya majirani zake, vilikuwa upande wa uzio. Mvua ikaanguka ghafla. Kila mwenye mikono akabeba alichokigusa, akakirundika katika chumba cha nafaka. Shangazi na wenzake wakarudi Arua alfajiri kwa basi, wakiambiwa vyombo vitafuata. Nilipofungua mlango wa chumba kile baada ya wewe kuondoka, Sulemani, nilikuta mlima. Sahani, bakuli, masinia, mabirika, na tabaga zote zilizofumwa za kufunikia chakula, vya huku na vya huko, kimoja juu ya kingine.

Mama yako akaja akasimama kando yangu. Akatazama, kisha akasema, "Kwa nyumba hii, bibi arusi hapana toka na vyombo ya watu iko ndani. Mama ya mume wangu alinifanya hivyo, na mimi nafanya. Sahani ya mutu ikibaki, hata moja, na wewe nabaki."

Nilidhani ni utani. Keji akanambia si utani.

Wala simlaumu. Wewe mwenyewe unajua sahani za enameli hazipatikani tena tangu Wahindi waondoke na maduka yabadilishe wenyewe. Mtu aliyetuazima sahani zake ametuazima kitu ambacho hawezi kununua kingine. Kwa hiyo sikiliza ahadi ya mkeo: nitavitenganisha vyote, kila kimoja kitafika kwao, na futari ya kwanza ya Ramadhani utaila kwa mkono wangu, katika chumba chetu, na si kwa mama mwingine yeyote. Wewe tafuta kitanda tu.

Anakupenda kuliko anavyoweza kuandika,
Mkeo Sadiya

*

Arua
11 Agosti 1974

Mke wangu Sadiya,

Barua yako nimeisoma kwanza nikiwa nimesimama, halafu nimekaa. Mimi sijui kuandika maneno kama yako. Kazini naandika magonjwa ya ng'ombe. Lakini shati nimelifua mwenyewe, na fundi Okuonzi ameanza kitanda. Nimemwambia kiwe kipana. Akaniuliza, "Kipana kiasi gani?" Nikashindwa kumjibu, akacheka sana.

Kuhusu ule mlima, nakupa njia tunayotumia hapa ofisi ya mifugo. Kila zizi la ng'ombe lina kadi yake. Pembeni mwa kadi kuna matundu, na kila tundu lina maana: hili ni chanjo, hili ni eneo la Ajia, hili la Ombaci. Kama jibu ni ndiyo, tunalikata tundu mpaka ukingoni liwe wazi. Nikitaka mazizi yaliyochanjwa, napitisha sindano ndefu ya kufumia katika tundu la chanjo la kadi zote kwa pamoja, nainua, natikisa. Zilizokatwa zinaanguka mezani. Nyingine zinabaki zinaning'inia kwenye sindano. Nikitaka yaliyochanjwa ya Ajia peke yake, nachukua zile zilizoanguka na kupitisha sindano tena, safari hii katika tundu la Ajia. Na nikitaka ya Ajia pamoja na ya Ombaci, nachuja haya, nachuja na yale, kisha naunganisha mafungu mawili.

Kwa hiyo usiokote sahani moja moja na kuiuliza ni ya nani. Utazeeka. Liulize rundo zima swali moja, na zitakazojibu ndiyo uziweke kando. Halafu fungu hilo uliulize swali la pili. Chuja kwanza, unganisha baadaye. Ile mvua iliunganisha kwanza, ndiyo maana unateseka.

Nasubiri futari hiyo.

Mumeo,
Sulemani Lokule

*

Koboko
17 Agosti 1974

Mume wangu mwenye akili nyingi na maneno machache,

Kitanda kipana. Nimeirudia sehemu hiyo mpaka Keji akaninyang'anya barua, na sasa uani kila mtu anapanua mikono akiniona napita. Mariam Poni, yule jirani yenu wa mtaa wa chini, ndiye aliyezidi. Ameniuliza kama Okuonzi anapima kwa futi au kwa hamu.

Sindano yako imefanya kazi, mpenzi. Nimeagiza mikeka, nimeitandaza uani kote, na nimeanza kuuliza. Swali la kwanza: nani amefumwa? Tabaga zote zikatoka. Fungu lile nikaliuliza: nani ana ukingo wa zambarau? Hizo ni za Viktoria wa karibu na misheni, aliyejifunza kufuma kwa wanawake wetu na akapenda zambarau kuliko sisi. Nani ana ukingo wa njano na nyeusi? Za mama yako. Nikarudi kwenye enameli. Unajua kila nyumba hutia doa la rangi chini ya vyombo vyake. Bluu zikaenda kwa Jale, kijani kwa mke wa Yugu, nyeupe Arua kwa majirani wa shangazi, na nadhani sahani zake zimo humo; masinia na birika lake nayajua kwa macho. Kila fungu likitoka, mlima unapungua na mimi nakuona umekaribia kidogo.

Unajua hii ndiyo ile hesabu ya seti tuliyofundishwa sekondari? Tulichora maduara mawili yanayoingiliana, tukatia alama katikati kwa vitu vilivyomo kote kuwili, na mimi nikawa namwuliza mwalimu itanisaidia nini maishani. Leo ningempikia chai.

Jana nimemaliza na fungu la mwisho, alama nyekundu. Nyekundu ni Mariam Poni. Nimempelekea zote kwa mikono yangu, safari kadhaa, naye ananisindikiza akiimba jina langu njiani. Mama ameangalia chumba cha nafaka kikiwa kitupu, akasema, "Mm." Keji anasema kwa Mama hiyo ni hotuba.

Vya Arua vimekwenda na lori la tumbaku la Lomoro pamoja na barua hii. Hakikisha shangazi anapokea vyake, na mimi nifunge sanduku langu. Naona kama miguu yangu haigusi ardhi.

Mkeo anayekuja,
Sadiya

*

Arua
21 Agosti 1974

Mke wangu Sadiya,

Usifunge sanduku bado.

Shangazi yako Hawah amekuja hapa kwangu leo. Majirani zake wamepata vyao vyote. Yeye amepata masinia na birika, lakini hajarudishiwa hata sahani moja. Alikaa kwenye kiti changu kimoja nilicho nacho, akanitazama, akasema, "Mukwe, mimi nilitoa sahani kwa harusi. Sikutoa zawadi." Nikamwuliza alama yake ni ipi. Akasema nyekundu. Alipewa rangi na fundi wa gari aliyemaliza kupaka lori.

Basi nimeelewa. Huku Arua nyekundu ni Hawah na huko Koboko nyekundu ni Mariam Poni, na maua yaliyochorwa kwenye sahani ni yale yale kwa sababu wote walinunua duka moja. Kila mmoja alikuwa mwenye nyekundu peke yake mtaani kwake mpaka tulipooana. Swali lako moja halikutosha. Ulihitaji sindano ya pili na hukuipitisha.

Lakini usihangaike. Jumamosi nakuja na Lomoro, nizungumze na Mama mwenyewe, nikuchukue. Sahani zitafuata. Hawah atasubiri, na Mama akinikatalia atanikatalia mimi, si wewe. Kitanda kimefika. Chumba kinaonekana kama kinasubiri mtu.

Mumeo,
Sulemani

*

Koboko
24 Agosti 1974

Sulemani wangu,

Usije.

Nimeandika neno hilo haraka ili mkono usibadili mawazo, kwa maana kila kiungo cha mwili wangu kinasema njoo. Lomoro ameniahidi kukupa karatasi hii kabla hujapanda lori.

Baada ya barua yako nilivaa vizuri, nikajitanda, nikashuka kwa Mariam Poni. Alikuwa anapakua kwenye sahani zile zile. Akaniwekea kiti. Nikamweleza kila kitu, kwamba nimekosea, kwamba ndani ya fungu lake kuna za shangazi yangu. Akaacha kupakua.

"Bibi arusi," akasema, "wewe ulileta mwenyewe kwa mikono yako. Ulisema, Mama, hizi zako. Sasa iko zako, sasa hapana zako?"

"Nyingine ni zako, Mama. Nyingine si zako."

"Zipi?"

Nikageuza sahani moja iliyokuwa tupu, nikaiona nyekundu ile ile. Akageuka kwa wanawe, akasema, "Kuleni haraka, bibi ya Sulemani anataka sahani." Watoto wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu mlango ulikuwa mbali.

Lakini hakunifukuza. Amezileta zote hapa jioni ile ile, nyekundu zote, akaziweka miguuni pa Mama, akaondoka. Ziko mbele yangu sasa.

Sasa nielewe. Ukija ukanichukua, kila harusi itakayofanyika mtaa huu, nitakuwa ndiye bibi arusi aliyekimbia sahani. Mariam Poni hatasema kitu, na ndivyo itakavyouma. Shangazi yangu atasema watu wa Koboko wamekula sahani zake, na watu wa Koboko watasema hivyo hivyo juu ya Arua, na sisi wawili tutakuwa katikati maisha yetu yote. Sikuolewa nitoke kwa dirisha. Nitatoka kwa mlango, na Mama atanifungulia yeye mwenyewe.

Nakupenda. Ndiyo maana nasema usije.

Sadiya

*

Arua
28 Agosti 1974

Sadiya,

Nimepokea. Sikupanda lori. Nilikuwa nimekwisha kuomba ruhusa kazini, nikairudisha.

Kitanda kipo. Kazi inaendelea. Mvua inanyesha.

Sulemani

*

Koboko
1 Septemba 1974

Mwana wangu Sulemani,

Mimi mama yako nasema, Keji naandika. Kama iko makosa, ya Keji.

Mimi muzima. Ng'ombe muzima. Bibi yako iko. Barua yako ilifika, akasoma, akaingia ndani, akatoka na macho nyekundu, akasema ni moshi. Moshi gani? Jiko ilikuwa imezima. Mimi nikamwambia Keji, nisomee. Keji akasoma. Ile ni barua ya kuandikia mutu umeoa? Ile iko fupi kama ya polisi. "Mvua inanyesha." Huku pia inanyesha, tunaona.

Mimi nakuambia kitu, na wewe hapana mwambia. Nilipotia sheria, nilidhani atalia siku moja, mbili, halafu mimi nasema, haya, mtoto wa watu, nenda kwa mume yako. Hakulia. Alikunja mikono akaingia kwa vyombo. Sasa mimi nitasema nini? Nikimwachilia, atakataa. Iko na kichwa nguvu kuliko mimi siku ile nilikuja hapa. Nampenda, lakini hapana mwambia hiyo pia.

Kila siku anakaa na sahani, anageuza, anaangalia kwa jua. Jana alipata kitu. Sahani nyingine ua limechakaa katikati, kama limekwaruzwa. Nyingine ua iko laini, nang'aa. Mariam Poni anasugua vyombo yake na mchanga ya mto, mimi nilimwona siku zote. Bibi yako nataka kujua shangazi yake anaosha na nini, kwa sababu kwake alikuwa mgeni, hawakumwachia hata kijiko aoshe. Anaona haya kukuandikia. Anasema umemkasirikia.

Nenda kwa Hawah. Uliza. Halafu andika barua ndefu.

Mama yako Rabia

(Kaka, hili naongeza mimi. Barua yako ile fupi ameilalia chini ya mto. Keji.)

*

Arua
4 Septemba 1974

Mke wangu, Sadiya wangu,

Mama ameniambia niandike ndefu. Nitajaribu.

Nilikasirika. Nilikuwa nimesimama barabarani na begi langu, watu wakiniona, na Lomoro akaninyooshea karatasi akiwa anacheka. Nikadhani nimeoa mtu anayependa sahani kuliko mimi. Nilirudi chumbani nikakaa juu ya kitanda hicho kipana, nikajiona mdogo sana. Barua niliyokuandikia niliiandika nikiwa mdogo hivyo. Nisamehe. Sasa nimeisoma tena yako, ile ya dirisha na mlango, na nimeona kwamba wewe ulikuwa unajenga nyumba na mimi nilikuwa natafuta usafiri.

Jana nilikwenda kwa shangazi yako, nyuma ya soko. Nilimkuta anaosha. Nikamwuliza anatumia nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa siri za ndoa. "Mukwe, unataka kuoa tena au unataka kuajiriwa?" Nikamwambia ni kwa ajili yako. Akasema, "Mchanga ni ya sufuria. Sahani ya maua naosha na jivu. Nachekecha kwanza kwa kitambaa, jiwe isibaki ndani." Kisha akanipa kitambaa, akaniambia nikae, nijaribu, ili nikueleze vizuri. Nimeosha vyombo vyake vyote, Sadiya. Wanawake wawili walisimama mlangoni kutazama. Mmoja akasema kama wanaume wa Koboko wote ni hivi, ana binti.

Jivu haliachi mkwaruzo. Nimegeuza sahani zake alizobaki nazo nyumbani, ua limebaki kama lilivyotoka dukani.

Kwa hiyo sindano yako ya pili umeipata mwenyewe, na haiko chini ya sahani penye rangi, iko juu penye ua. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kuwa na tundu ambalo hakuna aliyelikata kwa makusudi. Hapa ofisini tunasoma tulichokiandika tu. Wewe umesoma mikono ya watu.

Nakusubiri. Sitakuja mpaka uniite.

Mumeo anayejua kuosha vyombo,
Sulemani

*

Koboko
8 Septemba 1974

Mume wangu, furaha ya macho yangu,

Barua yako nimeisoma mbele ya watu wote bila aibu, isipokuwa ile sehemu ya kitanda. Nilipofika pale unapoosha sahani za mkweo, Mama alitoka nje, na tukasikia anacheka nyuma ya nyumba peke yake kwa muda mrefu.

Nilimwita Mariam Poni akae nami kwenye mkeka, kwa sababu sikutaka tena kumpelekea jibu langu nyumbani kwake. Tuliuliza pamoja. Nyekundu zote ziliwekwa juani. Swali la pili: nani amekwaruzwa na mchanga? Akazitoa yeye mwenyewe, kwa kidole, bila hata kugeuza. "Hii yangu. Hii yangu. Hii nilimpigia mume wangu, angalia ukingo." Tulicheka mpaka nikasahau kwamba aliwahi kuninyima uso.

Laini zikabaki. Nikadhani ni za shangazi zote, nikaanza kuzifunga kwa nyasi ziende Arua. Mariam Poni akanishika mkono. "Ngoja. Mimi iko na zingine nilinunua mwisho, kabla duka kufungwa. Nilificha ndani ya sanduku kwa wageni. Harusi yako ndiyo mara ya kwanza zimetoka. Hizo hazijaona mchanga."

Angeweza kunyamaza, Sulemani. Au angeweza kuchukua alizotaka. Alisema mwenyewe.

Swali la tatu, basi. Zake za sandukuni ni za shimo, za mchuzi. Zile bapa zote laini ni za shangazi bila shaka, na zinakuja na barua hii. Lakini shangazi pia alituazima za shimo, nakumbuka nilikula kwa mojawapo. Kwa hiyo zimebaki za shimo, laini, nyekundu. Ni fungu dogo tu, na nimeliuliza kila swali ninalolijua. Nimeangalia kingo, nimezipima, nimezigonga nisikie sauti. Hazina tofauti. Hata Mariam Poni akizishika anatikisa kichwa.

Nikamwambia achukue yeye. Akakataa. "Kama moja si yangu, chakula itanikaba." Muulize shangazi kama atazichukua yeye, na haraka, mwezi unakaribia kuandama. Mama ananipita mara kwa mara. Naona anataka kusema kitu na hasemi.

Mkeo asiyechoka,
Sadiya

*

Arua
11 Septemba 1974

Mke wangu,

Sahani bapa zimefika, Hawah amezibusu. Za shimo amezikataa. Amesema, "Mimi hapana kula kwa sahani ya mutu mwingine kama mwizi. Ampe yule mwenzangu." Nikamwambia mwenzake naye amekataa. Akasema, "Basi ni mutu muzuri huyo," lakini msimamo wake haukubadilika.

Sijui nikushauri nini. Katika kadi zangu kila kadi ina zizi moja. Hatujawahi kupata kadi ya mazizi mawili.

Chumba nimekifagia. Nimenunua mkaa.

Sulemani wako

*

Koboko
13 Septemba 1974

Sulemani,

Nimepata.

Siku zote nilikuwa nauliza sahani hizi ni za nani, na jibu lake ni kwamba ni za mmoja wao, na hakuna binadamu atakayejua yupi. Leo asubuhi nimeacha kuuliza hivyo. Nimejiuliza, nani ana haki ya kuziazimisha? Wote wawili. Na mwenye kuazima kwa wote wawili, hata sahani iwe ya yupi, amepewa ruhusa na mwenyewe.

Nimeshuka kwa Mariam Poni. Nimepiga hodi kama mtu ambaye hajawahi kufika pale, nikasubiri nikaribishwe, nikapiga goti. Nikasema, "Mama, naanza nyumba yangu Arua. Sina sahani za mchuzi na madukani hakuna. Naomba uniazime zile za shimo, kama ni zako."

Alinitazama sana. Kisha akasema, "Kama ni zangu, nakuazima. Kama si zangu, hapana nimekunyima." Akaongeza, "Siku utarudisha, rudisha na mutoto mgongoni, nione kama kile kitanda kilitosha." Sulemani, niliangalia chini mpaka nikahesabu vidole vyangu.

Nikarudi kwa Mama, nikamwambia, "Mama, hakuna tena chombo cha watu ndani ya nyumba yako kilichosahauliwa. Zilizobaki nimeazima upya upande mmoja, na nikipata neno la shangazi nitakuwa nimeazima pande zote mbili. Mzigo ni wangu, si wa nyumba hii." Akaniuliza, "Na ikivunjika moja?" Nikasema, "Nitakwenda kwa wote wawili kuomba radhi." Alikwenda akapika.

Nenda kwa shangazi leo leo. Usimwambie ni ujanja, kwa sababu si ujanja. Mwombe kama mkwe anavyoomba, kwa niaba ya mkeo, kwa maneno hayo hayo. Nataka ndiyo yake kwa mdomo wake.

Sadiya

*

Arua
14 Septemba 1974

Mke wangu Sadiya,

Nimekwenda, nimevaa shati la harusi. Nimeomba kama ulivyosema. Hawah aliniuliza, "Yule wa Koboko alisema nini?" Nikamwambia. Akasema, "Hata mimi. Kama ni zangu, nimemwazima. Kama ni zake, mwambie asante." Halafu akaniuliza jina la Mariam Poni, na anakaa nyumba ya aina gani, na ana watoto wangapi. Amesema siku ya Idi atakwenda Koboko kumsalimia, aone mutu anayekataa sahani.

Lomoro anaanza safari ya kuja huko na barua hii sasa hivi. Anarudi Arua Jumatatu. Mwambie Mama nimekuita. Na wewe niite.

Sulemani

*

Koboko
Jumapili, 15 Septemba 1974

Mume wangu,

Mama ameisikia barua yako kutoka kwa Keji akiwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Amechambua mpaka wa mwisho, akainuka, akaingia chumba cha nafaka, akatoka na zile sahani akiwa amezifunga yeye mwenyewe kwa kanga yake mpya, fundo juu ya fundo, hata mimi sitaweza kulifungua bila msaada wako. Akasema, "Kesho lori inatoka asubuhi. Usimkalishe mutoto wangu na njaa." Kisha akashika uso wangu kwa mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa na pumba za mchele, na sasa mimi nina pumba za mchele kila mahali na sitaki kuzipangusa.

Mariam Poni amekuja kuniaga. Viktoria ameniletea tabaga ndogo ya zambarau, na hiyo ni zawadi, nimeuliza mara mbili. Keji analia na kusema ni moshi.

Sanduku limefungwa. Nimeoga, nimejifukiza, nimekosa usingizi na bado ni mchana. Nafikiri jinsi nitakavyoingia chumba ambacho sijawahi kukiona na kukijua chote kwa barua zako: kiti kimoja, mkaa, na hicho kitanda ambacho watu wa miji miwili wamekijadili. Jumanne tukijaliwa tutafunga pamoja, na jua likizama nitakupakulia mchuzi.

Lomoro alinyoosha mkono kuichukua barua hii kama kawaida yake. Nimemwambia safari hii naibeba mwenyewe. Nitashuka pale sokoni, nitakupa mkononi, na utaisoma mimi nikiwa nimesimama mbele yako.

Usinijibu kwa karatasi.

Mkeo,
Sadiya